Chemirocha Alikuwa na Kifua Kikuu



Barua za mwezi huu zimenishangaza. Nimezoea kuulizwa kuhusu wachumba wasiopokea simu, mama wakwe wanaohesabu vijiko, na bonasi ya chai inayoishia mfukoni mwa mume kabla haijafika jikoni. Safari hii mnaniuliza kuhusu wafu. Tena si wafu wa nyumbani, maana hao tunajua namna ya kuwalilia. Mnauliza kuhusu wafu wenye majina makubwa, watu ambao hamkuwahi hata kuwapa mkono.

Msichana mmoja wa upande wa Litein ndiye aliyenigusa zaidi. Amemaliza kidato cha nne, anangoja barua ya chuo, na mchana anamsaidia mamake kuchuma chai. Usiku anajifunika blanketi gubigubi na simu yake, anatazama video moja baada ya nyingine za nyota waliokufa: huyu alianguka na ndege, yule dawa zilimzidi, mwingine alipigwa risasi akitoka studio. Analia hadi saa saba. Asubuhi mamake akiona macho mekundu anauliza ni mvulana gani. Akimjibu kwamba ni mwanamuziki wa Marekani aliyekufa kabla yeye hajazaliwa, mama anamkabidhi kikapu na kwenda zake. "Dada," ananiuliza, "nina wazimu?"

Huna, mdogo wangu. Kumshughulikia mwanamuziki wa Marekani aliyekwisha kufa ni jambo la kwenu kabisa. Panda matatu hadi Kapkatet, ni hapo tu, uwaulize wazee habari za Chemirocha.

Mwaka 1950 mtafiti wa muziki aliyeitwa Hugh Tracey alifika Kapkatet na mashine ya kurekodia. Watu wakamwimbia nyimbo za Kipsigis, na miongoni mwao wasichana wakiwa na Chemutoi Ketienya wakaimba wimbo mtamu ajabu juu ya mtu anayeitwa Chemirocha. Huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi. Santuri zake zilikuwa zimepanda hadi huku juu pamoja na gramafoni za wageni. Sauti inatoka sandukuni, mwenyewe haonekani. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana walikuwa wamemgeuza kiumbe nusu mtu nusu paa, na walimhimiza acheze, aruke, mpaka nguo zimtoke. Mimi nikiwafikiria wasichana wa huku, hasa wakiwa wengi na wamechangamka, nadhani walikuwa wanamtania tu yule mgeni mwenye mashine. Lakini wimbo ulisafiri dunia nzima, na mwaka 2015 rekodi hizo zilirudishwa Kapkatet, wazee wakakaa kusikiliza sauti zilizoondoka kijijini miaka 65 nyuma.

Sasa sikiliza upande wa pili wa hadithi, maana humo ndimo lilimo jibu lako. Siku wale wasichana wanaimba, Jimmie Rodgers alikuwa kaburini kwa miaka 17. Kwato hakuwa nazo. Alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu wa breki za mabehewa, na mwaka 1924 akaambiwa ana kifua kikuu. Mwishowe ugonjwa ulimtoa relini, akabaki na gitaa. Alirekodi mara ya kwanza mwaka 1927, na Mei 1933 akaenda New York kurekodi tena akiwa hajiwezi. Studio wakamwekea kitanda kidogo. Anaimba wimbo mmoja, analala, anakohoa, anatafuta pumzi, anainuka kuimba mwingine. Alitaka kuacha chochote kwa ajili ya mkewe na bintiye. Mei 26 akafa, ana miaka 35.

Kitanda kile ndicho ninachotaka ukitazame. Hizo video za usiku zinakuletea yule paa: kiumbe asiye na deni, asiye na zamu ya kazi, asiyeumwa mgongo, aliyeletwa duniani ili afe kwa namna ya kusisimua. Wewe unamlilia paa. Mtu mwenyewe hamjakutana.

Kwa hiyo nakupa kazi. Kila ukitaka kumkumbuka mtu maarufu aliyekufa, anza na siku yake ya kazi, Jumanne ya kawaida. Aliamka saa ngapi? Mikono yake ilifanya nini? Nani alimlipa, na alilipwa kidogo kiasi gani kabla hajajulikana? Alikataliwa wapi akarudi tena? Kifo kiache mwisho, na usingizi ukikuchukua kabla hujakifikia, lala tu.

Chukua Samuel Wanjiru. Mtaje popote, hata kwenye foleni ya kupimisha majani, utasikia kila mtu ana maoni yake juu ya roshani ya nyumba yake Nyahururu alikoanguka usiku ule wa Mei 2011, akiwa na miaka 24. Alisukumwa, aliruka, aliteleza, kila mmoja ni mpelelezi. Uliza ni nani anayekumbuka Agosti 2008, joto la Beijing, wenzake wote wakijua kwamba kwenye joto kama lile unaanza polepole, naye akaondoka kwa kasi tangu mwanzo kana kwamba anafukuzwa, akamaliza kwa saa 2:06:32, rekodi ya Olimpiki na dhahabu ya kwanza ya Kenya katika marathoni. Mbio zile ndizo zilizobadilisha namna watu wanavyokimbia marathoni za mashindano makubwa. Roshani haikubadilisha kitu.

Lakini kuna vifo ambavyo siwezi kukuambia uviruke, na hapa naomba tuache mzaha kidogo.

Diana Chemutai, mliyemjua kama Chelele, aliimba kwa Kikalenjin na sauti yake ilikuwa ya kwetu. Januari 2018 mwili wake ulikutwa umefukiwa nyumbani kwake Bomet, na mumewe akakamatwa. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 13, 2021, Agnes Tirop alikutwa amechomwa kisu nyumbani kwake Iten. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji, naye akakana. Tirop alikuwa ameshinda mbio za nyika za dunia huko Guiyang, China, mwaka 2015 akiwa na miaka 19, na mwezi mmoja tu kabla ya kuuawa alikimbia kilomita 10 kule Ujerumani kwa dakika 30 na sekunde 1, rekodi ya dunia ya mbio za wanawake peke yao. Kisha Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa akiishi Trans Nzoia, alifariki hospitalini Eldoret baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake. Wiki chache nyuma alikuwa amekimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris.

Hawa nao walikuwa na siku zao za kazi, nazo ndizo zinazonitia uchungu. Mwanamke anayeamka alfajiri kukimbia kwenye baridi ya Iten, au anayepanda jukwaani Bomet, analeta pesa nyumbani, na pesa hiyo inakuwa na wenyewe wengi. Sasa geuza macho kidogo. Wewe huna medali, una kazi yako ya kuchuma chai tu, na kadi ya kilo. Pesa inaingia akaunti ya nani? Shamba mlilonunua na mumeo limeandikwa jina la nani? Ukimnyima nambari ya siri ya simu yako, nini hutokea? Kama swali la mwisho limekufanya umeze mate, basi wewe ndiye ninayemwandikia.

Mwambie mtu mmoja. Mwambie kwa maneno yaliyonyooka, usiseme "tuna mambo kidogo". Nambari 1195 hupigwa bila malipo kwa ajili ya ukatili wa kijinsia, mchana na usiku. Wakimbiaji wenzake Tirop walianzisha kundi la Tirop's Angels ili wasichana wawe na mahali pa kwenda kusema mapema, na hilo ni jambo moja jema lililotoka kwenye msiba ule. Na wewe jirani unayesikia vyombo vikivunjika usiku kwenye nyumba ya pili ya laini ya wafanyakazi, kisha asubuhi unasalimia kana kwamba ulilala fofofo, nina neno na wewe pia, ila tutaongea siku nyingine.

Turudi kwenye barua. Mama mmoja wa Sotik anauliza kama ni dhambi kwamba kila Julai anamkumbuka Joyce Laboso kuliko anavyomkumbuka shangazi yake wa tumbo moja na baba. Dhambi? Hapana. Huenda shangazi hakuwa mchangamfu.

Ila tumwangalie Laboso sawasawa. Alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Egerton, mtu wa kusahihisha karatasi za wanafunzi. Siasa ilikuwa ya ndugu yake Lorna, mbunge wa Sotik. Juni 10, 2008, Lorna na Kipkalya Kones, mbunge wa Bomet na waziri wa barabara, walipanda ndege ndogo Nairobi kuja Kericho, kesho yake ukiwa uchaguzi mdogo wa Ainamoi. Ndege ikaanguka upande wa Narok na wote waliokuwamo wakafa. Mlio na umri mnakumbuka siku ile ilivyokuwa, redio kila duka. Septemba mwaka huohuo viti viwili vikajazwa na wanawake wawili waliokuwa bado na machozi: Beatrice Kones, mjane, akashinda Bomet, na Joyce akashinda Sotik. Fikiria kuomba kura kwenye uwanja ambao ndugu yako alisimama mwaka mmoja tu kabla, watu wale wale, wanakulinganisha naye kila ukifungua mdomo. Alifanya hivyo. Akawa Naibu Spika wa Bunge la Taifa mwaka 2013, na mwaka 2017 akamshinda Isaac Ruto kiti cha ugavana wa Bomet, akiwa mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana Kenya, pamoja na Charity Ngilu na Anne Waiguru. Alikaa ofisini chini ya miaka miwili. Julai 29, 2019 saratani ikamchukua akiwa na miaka 58, akazikwa kwa mumewe Fort Ternan.

Julai ile ilikuwa nzito. Bob Collymore wa Safaricom alifariki tarehe 1, mbunge wa Kibra Ken Okoth tarehe 26, Laboso tarehe 29, wote kwa saratani. Kwa wiki kadhaa nchi nzima haikuongea lingine. Kila mtu alijifanya daktari, kila mtu akasema "tupimwe", na kila mtu akarudi nyumbani. Mama wa Sotik, nakuuliza wewe unayemkumbuka kila Julai: ulipimwa? Matiti yako mwenyewe unayajua? Mlango wa kizazi je? Binti yako wa miaka 10 alipata chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa nchini Oktoba ya mwaka huohuo wa 2019? Mimi ningefurahi zaidi ungemsahau Laboso kabisa, lakini Julai uwe na kadi ya kliniki mkononi.

Na kwa kuwa tumegusa saratani na tuko kwenye nchi ya chai, nivumilieni. Sisemi haya ndiyo yaliyomuua gavana, sivyo. Lakini saratani ya umio, ile njia ya chakula, ni ya kwetu kwa namna ya pekee. Hospitali ya Tenwek pale Bomet imewahudumia wagonjwa wake kwa miaka mingi, na wengine ni vijana. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilisema kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 yaelekea vinachangia ugonjwa huo. Nanyi nawajua. Chai inatoka jikoni inachemka, mtu anainywa palepale akivuta hewa kwa sauti kama treni, na ukimwambia ingoje anakuona mgeni. Ingoje, bwana. Weka kikombe chini, ongea na mwenzako, kisha unywe. Na chakula kikianza kukwama kifuani usingoje ugali ushindwe, kisha uji, kisha maji. Nenda wiki hiyohiyo.

Sasa mdogo wangu wa Litein, bado nina mtu wako mmoja. Sidhani simu yako imewahi kukuletea video yake usiku, kwa sababu alifanya jambo ambalo halina soko: alikufa mzee.

Wilson Kiprugut Chumo ni mtoto wa Kericho. Oktoba 1964, Kenya haijatimiza hata mwaka wa uhuru, alisimama Tokyo kwenye mita 800, uwanja wa changarawe laini ambao siku hizi hata shule haziukubali. Mbele yake Peter Snell wa New Zealand na Bill Crothers wa Kanada. Nyuma yake dunia nzima. Dakika 1, sekunde 45 na nukta 9. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza kabisa ya Kenya katika Olimpiki. Dhahabu zote mnazoziimba, za Keino, za Rudisha, za Kipchoge na Kipyegon, zinakuja baada ya shaba ile. Mwaka uliofuata akashinda mita 400 na 800 kwenye michezo ya Afrika kule Brazzaville. Mwaka 1968 Mexico City akarudi kwenye fainali, akaongoza, na Ralph Doubell wa Australia akampita kwenye mita za mwisho. Nukta mbili za sekunde ndizo zilizomkosesha dhahabu. Kenya ikarudi na dhahabu tatu, za Keino, Naftali Temu na Amos Biwott, na yeye mwenye fedha akasimama pembeni kidogo ya picha.

Kisha akaishi. Miaka 54 zaidi! Akaonekana barabarani kama mzee mwingine yeyote, na vijana wakampita bila kumjua. Alifariki Novemba 1, 2022 akiwa na miaka 84. Magazeti yakaandika siku mbili tatu, basi. Hakuna fumbo la kuchunguza, hakuna roshani, hakuna anayenufaika kukuliza saa saba za usiku. Hapo ndipo utaona kwamba simu yako haina habari na maisha ya watu. Inauza misiba, na msiba wa mzee aliyelala vizuri hauuziki.

Lakini jirani zake wapo. Wapo waliokimbia naye, waliopigiwa makelele naye kwenye michezo ya shule. Kogo wako mwenyewe, yaani bibi yako, kama ni wa umri huo, muulize alikuwa wapi habari za Tokyo zilipofika. Muulize mkiwa mnachambua mboga, usimwekee simu usoni. Na wakati unamuuliza, muulize pia yeye alikuwa anafanya nini siku hizo, alichuma kwa nani, alilipwa shilingi ngapi kwa kilo. Huyo hajafa. Ana wafu wengi maarufu kichwani kuliko simu yako, na wengine waliwahi kumkopa unga.

Haraka haraka, barua zilizobaki. Kijana wa Kipkelion anauliza kama ni sawa kusema mabaya ya mwanasiasa aliyekufa, maana mazishini kila mtu hugeuka malaika. Subiri azikwe, kisha sema. Aliyekuwa na ofisi ya umma aliacha hesabu, na hesabu ina pande mbili: zahanati iliyojengwa na ile iliyobaki mawe. Mambo ya chumbani kwake waachie watoto wake. Na ukitumiwa picha ya maiti ya mtu maarufu kwenye simu, usiipeleke mbele, hata kwa kundi la kanisa, hata kwa kuandika "tumwombee". Mamake naye ana simu.

Wa mwisho ni wa Longisa. Amejifungua mtoto wa kike, anataka kumwita Agnes Tirop, majina yote mawili, lakini mama mkwe anasema mtoto lazima aitiwe kwanza majina ya wafu wa ukoo, kama ilivyo desturi, mpaka apige chafya. Ananiuliza asimame na nani.

Mpenzi, usipigane na mama mkwe kwa jambo ambalo lina nafasi ya watu wawili. Kwenye cheti cha kuzaliwa andika Agnes, ni jina zuri na halina mwenyewe. Tirop liache, maana ni la kwao, na kwa kawaida zenu mtoto huyo ana Chep- au Jep- yake inayomngoja. Kisha wape wanawake wazee jioni yao, waite hao wafu mmoja mmoja. Mtoto akikawia kupiga chafya, kuna ugoro.